Muuguzi wa Wasiopona

Kazi yangu nilipewa na mama mkwe, naye hakunipa kwa wema. Nilikuwa mke wa pili katika nyumba moja ya Temeke, nimeolewa mwaka wa pili bila kushika mimba, na mke mkubwa alikuwa amerudishwa kutoka hospitali na donda kifuani lililokataa kufunga. Siku hizi wangesema saratani ya titi. Sisi tulisema donda ndugu, na tukilitaja tulishusha sauti. Mama mkwe alinikuta uani nikichambua mchele, akasimama mbele yangu, akasema mwanamke asiyezaa lazima awe na faida nyingine. Kwa hiyo kuanzia siku ile nimwangalie yule mgumba mwenzangu mpaka Mungu atakapomchukua.

Hakukuwa na wa kumpinga. Mume wetu alikuwa mpishi kwa Wazungu wa Oysterbay, analala huko huko kwenye vyumba vya watumishi, nyumbani anakuja Jumapili mchana. Alikuwa mwanamume msafi kupita kiasi, mwenye tabia ya kunusa kila kitu kabla hajakitia mdomoni. Mambo ya nyumba yote alimwachia mama yake.

Mke mkubwa aliletwa kwa mkokoteni wa magunia, amefunikwa kanga mwili na uso. Chumba chake kilikuwa cha mbele, chenye dirisha la barabarani, lakini mama mkwe aliagiza apelekwe kwenye banda la kuni, jirani na choo, ili harufu zikae pamoja. Alisema hivyo mgonjwa akisikia. Tulimwekea humo kitanda chake cha kamba na godoro lake la sufi, tukasogeza kuni upande mmoja.

Mimi na yeye hatukuwa tumependana. Nilipoingia nyumba ile bibi arusi, alinipokea kwa kicheko akawaambia wageni kwamba bwana kamletea mtoto wa kumchotea maji. Alikuwa mrefu, mzuri, hodari wa ngoma, haendi hata dukani bila wanja, na muda wote ule mimi niliishi kwa kuukwepa ulimi wake. Ugonjwa haukuupunguza. Nilipoingia bandani mara ya kwanza na beseni la maji, alinitazama toka miguuni mpaka kichwani.

"Umekuja kutazama nitakavyokufa, upate chumba cha mbele," alisema.

Nilimjibu kwamba nimetumwa.

"Basi fanya ulilotumwa. Usoni usinitazame."

Kitambaa alichofungwa hospitali kilikuwa kimegandana na donda. Nilikilowesha kwa maji ya vuguvugu yenye chumvi mpaka kikalainika, kisha nikakibandua kidogo kidogo. Nilichokiona sitakieleza chote. Ziwa halikuwepo. Mahali pake palikuwa shimo lenye kingo ngumu, na harufu ilinipanda mpaka machoni yakatoka machozi. Mama mkwe, aliyesimama mlangoni kuhakikisha kwamba natii, alitapika pale pale kizingitini na kuondoka akilaani. Mimi nikangoja zamu yangu ya kutapika. Haikuja. Mikono yangu, ambayo jikoni ilikuwa inavunja vyungu na kumwaga mboga, ilitulia. Nilijua pa kushika. Nilijua wakati wa kuacha kabla hajaniomba niache. Katika maisha yangu sikuwahi kusifiwa kwa kazi yoyote, si kupika, si kusuka, si kulima, na pale juu ya lile donda nilihisi kama mtu aliyesikia jina lake likiitwa sokoni, anageuka kabla hajafikiri.

Sikumwambia mtu. Ningemwambia nani, na ningesema nini? Kwamba nimefurahi?

Mama mkwe alininyima sabuni. Aliuliza sabuni ya kumfulia mtu asiyepona ina maana gani. Nikachana kanga zangu kuukuu, nikawa nazichemsha kwa maji ya majivu na kuzianika nyuma ya choo, maana kwenye kamba ya uani hazikuruhusiwa. Mkunga mmoja jirani, bibi wa Kizaramo aliyekuwa haogopi damu wala usaha, alinifundisha kuponda mkaa ukawa unga, kuutia katika kifuko cha kitambaa na kuulaza juu ya donda ili uile harufu. Alinifundisha mambo hayo akiwa barazani kwake. Kuingia bandani alikataa, akasema yeye ni mtu wa wanaokuja, wanaokwenda hawawezi.

Siku moja nilirudi kutoka bombani nikamkuta mama mkwe na mpwa wake wanalitoa godoro. Walikuwa wamemsukumia mgonjwa ubavuni kama gogo, wakalivuta, wakamwacha juu ya kamba tupu. Mama mkwe alieleza, wala hakunong'ona, kwamba sufi ikishaoza haifai tena, na wageni wakija msibani watalala juu ya nini. Mgonjwa alimkazia macho tu, mpaka mama mkwe akageuka na kujifanya anahesabu kuni.

Walipoondoka nilikwenda kukata majani mabichi ya mgomba, nikayapitisha juu ya moto yalainike, nikamtandikia chini ya mgongo. Jani la mgomba ni baridi, linateleza, haligandi na ngozi. Lilipokauka nilitandika jingine.

"Sasa mnanifunga kama samaki wa kuchoma," alisema.

Nadhani ulikuwa mzaha. Sikuthubutu kucheka.

Jumapili mume wetu alipokuja alisimama uani, leso puani, akauliza hali yake mgonjwa kwa sauti ya kumwuliza mtu wa mbali. Mgonjwa alijibu hajambo. Halafu mume akaenda zake barazani kunywa kahawa. Ikawa hivyo kila alipokuja. Mara moja, Jumapili ambayo mgonjwa alijiona ana nguvu, aliniamrisha nimwogeshe mapema, nimfukizie udi, nimpake wanja, nimvishe kanga mpya aliyokuwa ameificha chini ya mto. Ilituchukua asubuhi nzima. Nilimwegemeza ukutani kwa gunia la makumbi ya nazi akakaa, amenyooka, donda limefunikwa vizuri, na mtu asiyejua angesema ni mwanamke aliyechoka tu. Tulisikia mlango wa uani. Tulisikia viatu.

"Ingia, bwana," alisema. "Leo hapanuki."

Mume alijibu kutoka nje, "Usijisumbue. Wewe pumzika." Viatu vikarudi vilikotoka.

Nilipoinama kumsaidia kulala alinipiga kofi. Hakuwa na nguvu, lakini kucha zake zilinichana shavu. Kisha alilia, wanja ukashuka mpaka shingoni, na alipomaliza akaniambia kwamba nikimsimulia mtu yeyote kuwa amelia, atanirudia akishakufa. Nilimfuta uso. Hilo nalo nililijua bila kufundishwa, kwamba kuna wakati mtu hataki neno.

Watu wote waliofika mlangoni pa lile banda walimwambia atapona, inshallah. Shangazi zake walisema hivyo, mama mkwe alisema hivyo huku ameshaazima masufuria ya msiba. Asubuhi moja, nikimgeuza, mgonjwa alinishika mkono.

"Nakufa?" aliuliza.

Nilisema, "Ndiyo, dada."

Aliniachia mkono. Halafu akasema, "Wewe ndiye mtu wa kwanza humu ndani aliyenipa heshima yangu."

Ningependa kusema kwamba tangu hapo tulikuwa marafiki. Hatukuwa. Alinitemea uji. Aliniita mchawi, akasema kwamba ameniombea nisizae, na kwamba dua ya mgonjwa hairudi. Alikufa mchana wa jua kali, mama mkwe akigomba uani kwamba moshi wa ubani unaingia kwenye nguo zake. Nilikuwa nimemshika kisigino, maana ndipo mahali pekee palipokuwa hapamuumi.

Baada ya arobaini banda lilipakwa chokaa, na mimi nikakatazwa kugusa vyombo vya chakula. Jumapili mume alipokuja, mama yake alinitaka nimpelekee kahawa, kumjaribu. Aliinusa. Aliinusa tena akaiweka chini. Hakunywa, na Jumapili iliyofuata hakunywa pia. Talaka aliniletea mjomba wake, mzee mpole aliyeona haya kunisomea sababu. Nilipomshikilia aniambie, alisema, "Mwenzio anasema mikono yako inanuka, mwanangu. Anasema hata akiwa kazini anaisikia."

Mikono yangu haikunuka. Nilirudi nayo kwa mama yangu, Kinondoni.

Mama alikuwa mjane, anauza vitumbua barazani asubuhi, mwanamke wa maneno machache asiyependa kuzungumzwa na watu. Alinipokea, akanipa chumba cha uani, akasema talaka si ugonjwa. Nilimsaidia kukoroga unga na kuwasha jiko. Lakini nilikuwa na fadhaa. Nilikuwa kama mama aliyemwachisha mtoto ziwa ghafla, mwili unatafuta kazi iliyokwisha. Nikisikia kwamba nyumba fulani kuna mgonjwa aliyekatiwa tamaa, miguu yangu ilitaka kwenda. Nilipomweleza mama alitia kitumbua kwenye mafuta bila kunitazama. Akasema nipumzike, hayo yatapita.

Hayakupita. Nikaenda hospitali kuomba kazi ya uuguzi.

Niliingizwa kwa Bibi wa Kizungu aliyesimamia wauguzi. Mkalimani alikuwa nesi mmoja, binti wa bara, Mkristo mwenye msalaba mdogo shingoni, aliyesema Kiswahili cha shuleni na hakutabasamu hata mara moja. Aliniuliza kwa nini nataka kazi. Nilimjibu aseme kwamba nawataka wale wanaowashinda, wale wasiopona.

Yule nesi alinitazama. "Hilo sitalisema," alisema. Akageuka akasema jambo fupi zaidi, na Bibi akauliza kama najua kusoma. Sikujua. Nikapewa ufagio.

Katika wodi niliyofagia, kitanda cha mwisho kilikuwa karibu na mlango wa choo, na wote waliolazwa pale walijua maana yake. Toroli ya chakula ilifika mbele ya kile kitanda ikageuka. Daktari alipozunguka alitaja namba ya kitanda bila kusimama. Aliyekuwepo siku zangu za kwanza alikuwa kibarua kutoka mashamba ya mkonge, mtu wa mbali sana, anasema lugha ambayo hakuna aliyeijua mle ndani, na wagonjwa wenzake walichoka naye wakawa wanamwigiza. Neno moja alilirudia mchana kutwa. Mimi nilidhani ni maji. Nilitazama huku na huku, nikaweka ufagio, nikamwinua kichwa, nikamwekea kikombe mdomoni.

Kikombe kilipigwa kikaruka. Alikuwa yule nesi.

"Unamzamisha," alisema. "Huyu hamezi tena. Yote hayo yanaingia kifuani." Na kweli mtu yule alikuwa anakohoa na kubadilika rangi, akatushikashika sote wawili. Nesi alimlaza ubavu, akampiga mgongo mpaka pumzi ikarudi. Halafu alichukua kitambaa safi, akakilowesha, akakikamua, akampitishia midomoni na ndani ya mashavu, kisha akampaka mafuta. "Hivi. Hivi tu. Na ukimwona mkubwa anakuja, wewe unafagia."

Alikuwa mkali, na ukali wake haukunichagua mimi peke yangu. Aliwagombeza hata wanaokufa, wakijichafua aliwaambia wajionee haya. Lakini kila alichonifundisha kilikuwa sawa: kumgeuza mtu kwa shuka badala ya kumvuta mkono, kuitazama ngozi ya mfupa wa kiuno kabla haijawa nyekundu, kutofautisha usingizi wa uchovu na usingizi ule mwingine. Nilimuuliza siku moja kama anawahurumia. Akasema huruma inatetemesha mikono.

Ufagio niliupoteza kwa sababu nilikutwa nimekaa. Mzee mmoja kwenye kitanda kile alikuwa ameshika kidole changu, na msimamizi wa wafagiaji alipopita alinikuta nimekaa sakafuni, kazi imelala. Alinifukuza mbele ya wodi nzima, na mzee akabaki mkono wazi. Nesi alinifuata mpaka nje. Nilidhani atanitetea kwa wakubwa, lakini alisema msimamizi hakukosea, kwani mle ndani hakuna nafasi ya mtu wa kukaa. Akasema wale wanaorudishwa kwao hafiki mtu kuwaangalia, niende huko. Aliniuliza nyumbani kwetu ni wapi, nikamwelekeza.

Ndivyo walivyoanza kuja. Wakati mwingine ni mume, wakati mwingine binti, anasimama mbele ya baraza la vitumbua akisema ameambiwa na nesi kuna mama anayeweza. Nilikwenda Mtoni, nilikwenda Keko, nilikwenda hata Temeke, mtaa wa nyuma ya nyumba niliyoolewa. Nilibeba kikapu chenye vitambaa, unga wa mkaa na mafuta ya nazi. Nyumba nyingi waliniingiza kwa mlango wa uani. Watu walinipa mchele au doti ya kanga, wengine hawakunipa kitu, na hilo halikunisumbua. Lililonisumbua lilikuja baadaye. Mwanamke niliyemwogeshea mama yake mpaka siku ya mwisho, aliyelia begani kwangu, nilikutana naye sokoni nikampa mkono. Aliuficha mkono wake ndani ya baibui na kupita.

Walikuwa wamenielewa kwa namna yao. Palipoingia kikapu changu, baada ya siku chache palitoka jeneza. Hawakuuliza kipi kilitangulia. Watoto wa mtaa waliniita Sanda, wakinikimbia na kucheka, na mama zao waliwakataza kwa sauti ambayo haikukataza kitu. Arusini sikualikwa. Mama mjamzito akiniona alivuka barabara. Mwanamume mmoja, fundi wa baiskeli, alileta posa, na dada zake wakamwendea wakilia mpaka akairudisha. Vitumbua vya mama vilianza kulala. Kwanza wale wateja wa jirani, halafu hata wapita njia, kwa maana mtu alipoinama kuchukua, palikuwa daima na mwingine wa kumnong'oneza.

Mama alivumilia muda mrefu. Siku alipowamwagia kuku sinia zima la vitumbua, aliniita ndani akafunga mlango.

"Nani amekutuma kazi hii?" aliuliza.

Nilijaribu kumweleza. Nilisema naitwa.

"Unaitwa na nani?"

Nilisema sijui, ila nikikaa naumwa, nikienda napona. Nilisema kuna mtu sasa hivi, mahali fulani, amelalia donda lake na watu wamesimama mlangoni wanamwambia atapona, nami najua la kufanya.

"Na mimi?" alisema mama. "Mimi nimesimama wapi?"

Nilihamia chumba cha kupanga, mitaa michache tu kutoka kwake, ili vitumbua viuzike. Viliuzika kidogo. Nilikuwa nikimwamkia asubuhi nikipita, shikamoo mama, naye akaitika marahaba bila kuinua uso, maana wateja walikuwepo.

Kisha mama akaumwa. Tumbo lilijaa, miguu ikavimba, macho yakawa ya manjano. Hospitali walimlaza, wakamtoboa wakatoa maji, yakajaa tena, wakamrudisha. Nilipoyaona macho yale nilijua, na nilifunga kikapu changu nikaenda nyumbani kwetu. Dada yangu mkubwa alikuwa amefika kutoka Kisarawe. Alinikuta ukumbini, akanizuia kwa kifua, uso umemwiva kwa kulia.

"Mama amesema usiingie."

Nilisikia sauti ya mama kutoka chumbani, imepungua lakini wazi. "Asiingie huyo. Akiingia huyo, nimekwisha."

Niliweka kikapu chini. Nilikuwa nimeingia katika nyumba za watu nisiowajua, nikawaosha kinyesi baba za watu, na kizingiti cha mama yangu sikuruhusiwa kukivuka. Nilikaa uani, juu ya mkeka, nyuma ya ukuta wa chumba chake. Ukuta wa udongo hauzuii kitu. Nilisikia dada akimwinua kwa kumvuta makwapani, na mama akipiga ukelele. Nilisikia akimlisha akiwa amelala chali, na kikohozi kile. Dada hakuwa mvivu wala hakuwa mbaya. Alikuwa mtu wa shamba mwenye mikono ya nguvu, anampenda mama, na upendo wake ulimtetemesha.

Alipotoka kumwaga maji nilimnong'oneza. Mgeuze kwa shuka. Mwinue kichwa kabla ya kumpa kitu. Mkatie majani ya mgomba. Aliitikia, akarudi ndani, nikasikia shuka ikivutwa, na mama hakulia. Halafu nikamsikia mama akiuliza maarifa hayo ameyatoa wapi. Dada hajui kudanganya.

"Ni maneno yake hayo?" alisema mama. "Basi usifanye."

Na dada hakufanya tena.

Mjomba alikuja, akasema mgonjwa hana akili timamu, niingie tu. Jirani mmoja, yeye ambaye hakuwa amenipa salamu tangu mwaka uliopita, alisema vivyo hivyo. Mwisho mama alipoanza kuropoka, akiwaita watu waliokwisha kufa, dada mwenyewe alitoka akanishika magoti. Alisema mama hatambui, harufu imeanza, mgongo umefunguka, yeye hawezi zaidi. Niliinuka. Nilifika mlangoni, pazia liko mbele ya uso wangu, na harufu ile niliyoijua kuliko mtu yeyote Kinondoni ilinifikia, nikajua kidonda kiko wapi na kina ukubwa gani. Ndani, mama alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, ya mtu anayeuza vitumbua, "Nani huyo?"

Dada alisema, "Ni mimi, mama."

"Mwingine."

Nilirudi kwenye mkeka. Kila niliyemuuguza nilimwachia alichokitaka. Aliyetaka mlango wazi nilimfungulia, aliyetaka nimdanganye nilimdanganya, aliyenipiga nilimwachia anipige. Mama alitaka asinione. Kama ningeingia ningeingia kwa ajili yangu mwenyewe, na angekufa akijua ameshindwa. Hivyo ndivyo nilivyofikiri, na sijawahi kupata njia nyingine ya kufikiri, ingawa nimeitafuta.

Alikufa baada ya adhuhuri. Sikujua kwa kilio cha dada, nilijua kabla yake, kwa pumzi, kupitia ukutani.

Wakati wa kuosha maiti dada alisema nami niingie, kwa kuwa sasa hawezi kukataa. Tulikuwa wanawake wanne. Nilimgeuza mama kwa shuka. Kiunoni palikuwa shimo la kuingia ngumi, visigino vyote viwili vilikuwa vyeusi, na midomo ilipasuka mpaka kwenye nyama. Yule mwoshaji, mwanamke wa makamo aliyeosha maiti nyingi, alisema taratibu kwamba huyu ameteseka sana. Dada alikuwa ameshika kata ya maji. Kata ilimtoka.

Sikumwambia kwamba lile la kiunoni lingezuilika kwa majani, na midomo kwa kitambaa na mafuta. Alikuwa analijua. Tulimkausha, tukamvika sanda, na wanawake walipomaliza walinawa mikono na kunipisha njia kwa upana kuliko walivyohitaji.

Dada alikaa mpaka arobaini, hatukuzungumza ila kuhusu chakula na wageni. Asubuhi ya kuondoka, mzigo wake uko kichwani, lori la Kisarawe linangoja, alisimama mbele yangu.

"Ungeingia tu," alisema. "Ungeniacha nikulaumu."

Nilimwambia kwamba mama alikataa.

"Mimi je, nilikataa?"

Alipanda lori. Alizaa tena baada ya hapo, akawaoza binti zake, na habari hizo nilizipata kwa watu.

Nilikaa ndani siku kadhaa. Baraza la mama lilikuwa tupu na mafuta yamekauka kwenye chuma cha vitumbua. Nilifikiri nimeacha. Nilifikiri hata kumfuata yule nesi nimweleze kwamba asinitumie mtu tena, lakini nilipokwenda niliambiwa amehamishiwa bara, wala hakuna aliyejua ni wapi. Nikarudi. Mlangoni palikuwa na mwanamume amechuchumaa, amevua kofia. Alitoka Tabata, kwa miguu. Mkewe alirudishwa kutoka hospitali jana, alisema, na nyumbani wanamwambia atapona, naye anawafukuza wote.

Nilimuuliza kama mkewe ndiye aliyesema niitwe, au ni yeye. Sikuwa nimewahi kuuliza swali hilo kwa mtu yeyote, na tangu siku ile sijawahi kuacha kuliuliza.

Alisema ni mkewe.

Nilimwambia anisubiri nichukue kikapu.